Kukipima chuo cha miaka miwili cha Marekani kabla ya kusaini barua ya ufadhili wa riadha

Hivi karibuni nilimsaidia binti mmoja wa mbio za mita 5,000, anayefanya mazoezi Iten, kuchagua kati ya vyuo viwili vya miaka miwili nchini Marekani vilivyomtaka. Maswali aliyoniuliza ni yale yale ninayoulizwa na vijana wa Eldoret, Kapsabet na Nyahururu kila kocha wa ng'ambo anapowatumia ujumbe. Utaratibu ninaoufuata ni huu. Msingi wake ni kwamba katika vyuo hivi mwanariadha ana misimu miwili tu ya kushindana katika mchezo wake, kwa hiyo programu hupimwa kwa mahali walipofika waliotangulia, wala si kwa idadi ya vikombe.

Hatua ya 1: Jua chama na daraja la chuo

Vyuo vingi vya aina hii viko chini ya NJCAA, chama cha michezo cha vyuo vya miaka miwili kilichoundwa mwaka 1938 na chenye madaraja matatu. Daraja la kwanza linaruhusiwa kulipia karo, ada, vitabu, chumba, chakula na nauli ya kwenda na kurudi mara moja kwa mwaka. Daraja la pili linaishia kwenye karo, ada na vitabu. Daraja la tatu halitoi ufadhili wa michezo. Vyuo vya jamii (yaani vyuo vya umma vya miaka miwili) vya California vina chama chao, navyo pia havitoi ufadhili huo. Chuo kuruhusiwa kulipa hakumaanishi kwamba kitalipa, kwa hiyo kocha akitaja "ufadhili kamili", mwombe aorodheshe kila kipengele na kiasi chake cha dola katika barua pepe. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp mimi siukubali, hata kocha awe mwungwana kiasi gani, kwa sababu anaweza kuhamia chuo kingine kabla hujafika.

Hatua ya 2: Soma matokeo ya miaka minne iliyopita

Tovuti ya TFRRS huhifadhi matokeo ya riadha ya vyuo vya Marekani. Itafute timu unayoichunguza, iwe ni South Plains ya Levelland, Texas, ambayo Wakenya wengi wamepitia, au chuo kidogo usichowahi kukisikia. Usianze na muda bora wa timu. Andika daftarini majina ya wote waliokuwa mwaka wa kwanza katika mbio zako, kisha ufuatilie kila jina: je, alirudi mwaka wa pili, muda wake uliboreka au ulizorota, na je, baadaye anaonekana akikimbia kwa niaba ya chuo cha miaka minne? Jina moja kutoweka si ushahidi, kwa maana huenda mtu aliumia au alihama mapema. Lakini nusu ya kundi ikitoweka miaka miwili mfululizo, mwulize kocha sababu.

Tazama pia mzigo wa mashindano. Katika ubingwa mshindi huipatia timu yake alama 10, wa pili 8, wa tatu 6, hadi wa nane anayepata 1, na kocha mwenye wakimbiaji wachache wa masafa marefu hushawishika kumwingiza mmoja katika mita 1,500, 5,000 na 10,000 katika shindano lilelile. Mwaka mzima una mbio za nyika, nusu marathoni, mashindano ya ndani ya ukumbi na ya uwanjani. Nikiona mwanariadha mmoja amebebeshwa yote hayo mwaka baada ya mwaka, chuo hicho nakishusha kwenye orodha, hata kama kimetwaa ubingwa wa taifa.

Hatua ya 3: Chunguza kredi, moja baada ya nyingine

Hatua hii ya kukagua kredi, yaani vipimo vya uzito wa kila somo, hula saa nyingi kuliko nyingine zote kwa pamoja, na ndiyo ambayo vijana huiruka. Anayetaka kuhamia chuo cha daraja la kwanza la NCAA, chama cha michezo cha vyuo vya miaka minne, hutakiwa kuwa na wastani wa alama za masomo wa 2.5 kwa kipimo cha 4.0, na wastani huo huhesabiwa kwa masomo yanayohamishika, yaani yanayopokelewa na chuo unachohamia, peke yake. Aliyethibitishwa na kituo cha NCAA cha kuhakiki sifa tangu alipomaliza shule ya upili hutakiwa kuwa na wastani wa kredi 12 zinazohamishika kwa kila muhula. Asiyefikia sifa hizo ni lazima ahitimu chuo cha miaka miwili, na kati ya kredi zake ziwemo 6 za Kiingereza, 3 za hisabati na 3 za sayansi. Kwa hiyo peleka matokeo yako ya KCSE yakahakikiwe ungali nyumbani, ujue uko kundi gani, kwa kuwa makundi haya mawili hayastahili ratiba moja ya masomo.

Mambo manne huwaangusha watu hapa. Kwanza ni masomo ya mazoezi ya viungo, ambayo NCAA huyahesabu kwa kredi 2 tu wakati wa kuhama. Programu inayowajazia wanariadha masomo hayo huwapa wastani mzuri unaoporomoka siku ya kuhama. Pili ni masomo ya kujiandaa, yaani hisabati ya chini na Kiingereza cha wageni, ambayo hujaza ratiba bila kuhamishika. Tatu ni aina ya cheti: kati ya vyeti vya miaka miwili, AA (cha sanaa) na AS (cha sayansi) vimeandaliwa kwa ajili ya kuendelea chuo kikuu, ilhali AAS (cha sayansi tumizi) ni cha kuingia kazini na sehemu yake kubwa huweza kukataliwa. Nne ni masomo ya mtandaoni, kwa kuwa mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1 huhesabiwa somo moja tu la namna hiyo, lisilozidi kredi 3, katika mzigo wa muhula mzima. Timu inayosafiri sana na kuwahamishia wanariadha wake mtandaoni haikufai.

Namna ya kufanya ni kumwandikia mshauri wa masomo, si kocha, ukimwomba ratiba ya mihula minne ya mwanafunzi wa fani unayoitaka. Kisha fungua tovuti za vyuo vikuu vitatu unavyovitamani, utafute jedwali la ulinganifu wa masomo, na uweke alama kwenye kila somo linalopokelewa. Texas ni rahisi kidogo, kwa sababu masomo ya msingi ya kredi 42 yakikamilika hupokelewa kwa pamoja na vyuo vya umma vya jimbo hilo, na namba za masomo zina mpangilio: katika ENGL 1301, tarakimu ya kwanza ni mwaka wa masomo na ya pili ni idadi ya kredi, na namba inayoanza na sifuri ni ya somo la kujiandaa. Hata hivyo, ulinzi huo unaishia mpakani, na anayelenga Oklahoma au Arkansas lazima akague upya. Kumbuka pia kwamba daraja la kwanza la NCAA humtaka anayeanza mwaka wa tatu awe ametimiza asilimia 40 ya shahada yake. Anayebadilisha fani dakika za mwisho hukwama hapo.

Kanuni za NCAA hurekebishwa mara kwa mara, na tangu kesi ambayo Diego Pavia, mchezaji wa kandanda la Kimarekani aliyepitia chuo cha miaka miwili, aliifungua dhidi ya NCAA mwaka 2024, suala la kuhesabu misimu ya vyuo vya miaka miwili limefika mahakamani, kwa hiyo soma mwongozo wa mwaka utakaohama.

Hatua ya 4: Fedha za timu

Wizara ya Elimu ya Marekani huchapisha taarifa za EADA, zenye idadi ya wanariadha na makocha wa kila timu, matumizi yake, na jumla ya ufadhili wa michezo unaotolewa na chuo. Linganisha vyuo vyako viwili; dakika kumi zinatosha.

Hatua ya 5: Malazi, bima na likizo

Vyuo vingi vya jamii havina mabweni, na vyenye mabweni mara nyingi huyafunga Desemba na wakati wa kiangazi. Uliza utalala wapi na utakula nini miezi hiyo, maana kazi unayoruhusiwa ni ya ndani ya chuo, isiyozidi saa 20 kwa wiki muhula unapoendelea. Uliza kama bima ya timu inagharamia ugonjwa wa kawaida au majeraha ya michezo tu. Fomu ya I-20, ambayo chuo hukutumia ili uombe viza, ikifika, linganisha kiasi cha ufadhili kilichoandikwa humo na kile cha barua pepe ya kocha. Vikitofautiana, usiende kwenye mahojiano ya viza mpaka virekebishwe.

Hatua ya 6: Zungumza na aliyeondoka

Kocha atakupa namba ya mwanariadha anayefurahi. Wewe mtafute, kupitia daftari la hatua ya 2, aliyeondoka baada ya mwaka mmoja, umwulize alipoumia nani alimtibu na ufadhili wake ulifanywaje. Usimlipe wakala kwa kazi hii, hasa anayedai asilimia ya ufadhili. Majibu haya yakikosekana, omba wiki moja zaidi kabla ya kusaini, kwa kuwa barua ya NJCAA inakufunga kwa mwaka mzima wa masomo.