Kumwelekeza mgeni kwa Kiingereza asipotee

Sisi tunaotembeza wageni hapa Mwanza tumezoea kumalizia na -ni tu: mjini, sokoni, kivukoni, ziwani. Kwa Kiingereza lazima uchague. Mji ni in: in Mwanza. Kisiwa ni on: on Saanane Island. Sehemu ya kukutania ni at: at Kirumba market. Ndani ya teksi sema in the taxi, ila kivuko cha Kamanga na daladala ni on.

Kinachopoteza watu hasa ni "mbele ya". Ukisema in front of the bank, mgeni atakwenda kusimama pale mlangoni, upande uleule wa barabara. Kama duka liko ng'ambo ya Barabara ya Kenyatta, linatazamana na benki, sema opposite the bank. Kama anatakiwa aipite benki aendelee mbele, sema past the bank. Mimi huonyesha na kwa mkono pia, maana jua la saa saba si la kumzungusha mtu.

Hoteli ya ufukweni ni on the lake. In the lake ni majini kabisa.