SOMO: Umeuziwa gari bovu Kenya? Soma hapa kabla ya kunitumia ujumbe

Kila wiki napata ujumbe ule ule. "Nimenunua gari yadi (pale yanapouzwa magari yaliyotumika), wiki ya pili giaboksi imekufa, mwenye yadi hashiki simu, nifanyeje?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo naandika mara moja. Mimi si wakili. Ni mtu aliyepoteza pesa zake kisha akaanza kusoma sheria kwa hasira.

Hatuna sheria maalumu ya magari mabovu kama zile za majimbo ya Marekani. Tuna Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 31, ya zamani lakini bado ina meno. Kifungu cha 14: anayekuuzia awe na haki ya kuuza. Cha 15: gari lilingane na maelezo uliyopewa. Cha 16: ukinunua kwa mtu ambaye biashara yake ni kuuza magari, gari liwe na ubora unaokubalika, na likufae kwa kazi uliyomweleza huku ukitegemea ujuzi wake. Juu yake ipo Sheria ya Kuwalinda Watumiaji Bidhaa ya 2012. Hiyo inasema masharti hayo ya ubora hayawezi kufutwa kwa maneno ya mkataba. Kwa hiyo ile sentensi ya "gari likishatoka getini halirudi" haimlindi mwenye yadi kama wewe ulinunua gari la kutumia nyumbani. Ukinunua la teksi au la kubebea mzigo wa biashara, usiwe na uhakika kwamba sheria ya 2012 inakuhusu. Ukibaki na Sura ya 31 peke yake, mkataba unaweza kukubana. Soma kabla ya kutia sahihi.

Haya, hatua.

1. Jua ulinunua kwa nani: yadi, kampuni ya magari mapya, au mtu binafsi.

2. Kusanya karatasi. Mkataba, risiti, ujumbe wa M-Pesa, sauti za WhatsApp. Piga picha tangazo lao mtandaoni leo hii, kesho watalifuta.

3. EGESHA GARI. USILIFUNGUE.

Hapa ndipo nilipoungua mwenyewe. Mwaka 2022 nilinunua gari la shilingi 870,000 kwenye yadi moja ya Mombasa, sitaitaja. Siku ya tisa gia ya tatu ikaanza kuteleza. Nikampigia fundi wangu wa Changamwe, na asubuhi yake giaboksi ilikuwa chini, imelazwa juu ya gunia. Nikawatumia wenye yadi picha, najiona nina ushahidi. Jibu lao lilikuwa mstari mmoja: "Tutajuaje si fundi wako aliyeiharibu?" Sikuwa na la kusema. Sikuwa na video ya gari likiteleza, wala kipimo cha kompyuta, wala hata ujumbe wa kuwaarifu. Nikanunua giaboksi nyingine kwa 140,000 za mfukoni mwangu.

Baadaye wakili akaniongezea chumvi kwenye kidonda. Kisheria kuna kitu kinaitwa kukubali bidhaa. Ukikaa nayo muda mrefu bila kusema unaikataa, au ukiifanyia jambo ambalo mwenye mali tu ndiye angelifanya, unahesabiwa umeikubali. Ukishaikubali huwezi tena kuirudisha na kudai pesa zako zote. Kinachobaki ni kudai fidia. Na muda wenyewe hautajwi kwa siku. Sheria inasema tu "muda unaofaa", na hakimu ndiye atakayeamua unaofaa ni upi. Usimpe nafasi ya kufikiria sana.

Basi: usiendelee kuliendesha. Usibadilishe redio, matairi wala rangi. Usilitangaze kuliuza. Wakikuambia "lete tuangalie", sawa, lipeleke, lakini kwanza andika ujumbe: "Naleta gari mlikague. Sijaacha haki yangu ya kulirudisha." Gari likikaa kwao wiki tatu bila maandishi yoyote, watasema ulikubali litengenezwe na mambo yakaisha.

4. Ripoti ya mkaguzi asiyekujua wewe wala wao. AA (chama cha wenye magari) wanafanya kazi hiyo, na wapo wengine. Ripoti iwe na namba ya chasisi, kilomita na tarehe.

5. Barua ya kulikataa gari. Kasoro ni hizi, ziligunduliwa tarehe hii, unataka nini (pesa, tengenezo au punguzo), na unawapa siku ngapi. Mimi hutoa 14. Tuma kwa njia inayoacha alama: barua pepe, au mkononi wakakusainia nakala.

6. Wakinyamaza, Mahakama ya Madai Madogo. Madai yasizidi shilingi milioni moja, huhitaji wakili, na sheria inataka uamuzi utoke ndani ya siku 60. Usishangae siku zikipita kidogo. Mkataba una miaka sita ya kudai mahakamani, lakini hiyo ni ya kudai fidia. Usiichanganye na "muda unaofaa" wa hatua ya 3.

Maswali sasa.

baba_wawili: Mkubwa, mimi nilinunua gari la mwalimu fulani, 450,000. Injini inakula oili kama chai. Namshtaki?

Mwandishi: Mwalimu si muuza magari, kwa hiyo ule ubora wa kifungu cha 16 haukusaidii. Unabaki na alichokuambia. Aliandika popote kwamba injini haijawahi kuwa na shida? Kama alidanganya na una ujumbe, una kesi. Kama alinyamaza na wewe hukuuliza, pole.

baba_wawili: Hakusema kitu. Ila logbuku, hati ya umiliki wa gari, ina jina la mtu mwingine kabisa.

Mwandishi: Ahaa. Hapo umeleta jambo jingine. Huenda huyo "mwalimu" ni broka. Anayeuza magari kila mwezi ni mfanyabiashara hata akijiita imamu. Tafuta matangazo yake mengine, yapige picha, halafu rudi hatua ya 1. Na utafute rekodi ya gari NTSA, mamlaka inayosajili magari, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, leo leo, uone mwenye gari ni nani na kama kuna benki imeandikwa pamoja naye.

chapchap254: Gari yangu ina shida, wananirudishia pesa ama?

Mwandishi: Shida gani? Ulinunua wapi? Lini?

chapchap254: Si umesema sheria ipo

Mwandishi: Nimesema mengi. Soma.

Nasra_K: Kaka, swali la kweli. Mimi nilimlipa fundi akalikague gari kabla ya kununua. Hilo linanisaidia au linaniumiza?

Mwandishi: Dada, hili ndilo swali zuri kuliko yote hapa. Linafanya yote mawili. Kifungu cha 16 kinasema kama ulilikagua gari, huwezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuiona. Tairi limekwisha, mlango una kutu, hizo zimekwenda. Lakini kasoro iliyojificha ndani ya giaboksi, ambayo huwezi kuiona kwa kufungua boneti na kuzunguka mtaa mara moja, bado ni yao. Kwa hiyo kagua, ila fundi aandike alichokagua na alichoshindwa kukikagua. Hicho cha pili kitakuokoa siku moja.

Nasra_K: Na kilomita zikiwa zimerudishwa nyuma?

Mwandishi: Hilo ni suala la maelezo, kifungu cha 15, na ni rahisi kulithibitisha. Magari ya Japani hukaguliwa kwa ajili ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, kabla ya kupakiwa melini, na kilomita huandikwa kwenye cheti. Kuna pia karatasi ya mnada wa kule. Cheti kikisema 118,000 na dashibodi inasema 64,000, huhitaji hata fundi. Omba cheti KABLA ya kulipa. Anayesema kimepotea, aga uende zako.

mtu_wa_Tanga: Huku kwetu je?

Mwandishi: Mzizi ni mmoja, sheria ya Waingereza ya 1893. Kwenu ni Sura ya 214, na vifungu vya 14 hadi 16 vinazungumza yale yale. Udanganyifu wa wafanyabiashara unaangukia pia Sheria ya Ushindani ya 2003, ulizia FCC, Tume ya Ushindani. Mahakama ya hatua ya 6 ni ya Kenya tu. Waingereza wenyewe walishabadilisha yao mwaka 2015: ukinunua kwa muuza magari una siku 30 za kulirudisha gari bovu. Sisi bado tunahesabu "muda unaofaa".

zero_mileage: Gari jipya kabisa, waranti ya miaka mitatu. Wananiambia niwaandikie kiwanda.

Mwandishi: Wewe ulimlipa nani? Mdai huyo. Waranti ni nyongeza juu ya haki zako, haizifuti. Ila fanya sevisi kwao na utunze kila karatasi, maana huko ndiko watakakotafuta sababu.

fundi_wa_Likoni: Naongeza dogo. Nenda yadi alfajiri bila kuwaambia, gusa boneti kwanza. Ikiwa ya moto, wameliwasha mapema ili usisikie linavyogonga likiwa baridi.

Mwandishi: Shukran. Hii nilitakiwa kuiandika mimi.

chapchap254: Sawa nimesoma. Giaboksi inateleza, siku ya sita. Lakini fundi ameshatoa bolti nne.

Mwandishi: Mwambie azirudishe. Na mpige video akizirudisha.