SOMO: Kujenga modeli ya kichwa kidogo cha shanti (cha kupanga mabehewa) cha MGR, reli ya mita moja, juu ya chesisi ya HO (soma kabla ya kuuliza)

Wakuu, nimechoka kujibu inbox mmoja mmoja. Swali ni lile lile: "Nimepata treni ndogo ya umeme ya mtumba, nataka ifanane na vichwa vyetu vya hapa Tabora." Yote nayaweka hapa. Atakayeuliza tena namtumia uzi huu tu.

Tuanze na kipimo, maana hapo ndipo wengi wanapoharibu mapema. HO ni kipimo cha treni za modeli, 1:87, na reli yake ina upana wa milimita 16.5. Kwa 1:87 hiyo ni sawa na milimita 1,435 za reli halisi, yaani SGR. Reli yetu ya zamani, iliyofika Tabora 1912 na Kigoma 1914, ni mita moja. Kwa hiyo chesisi inabaki ya HO ila bodi unaijenga upya kwa 1:64. Piga hesabu: 16.5 mara 64 ni 1,056. Tofauti ya milimita 56 kwenye reli halisi haifiki milimita moja kwenye modeli, na jicho haliioni. Tena vigari vingi vya chuma vya watoto viko karibu na 1:64, kwa hiyo magari ya kuegesha pale stesheni umeshayapata.

1. Chagua chesisi ya shanti yenye ekseli tatu. Ijaribu kwa 12V DC kabla hujalipa. Kama haitambai polepole leo, bodi mpya haitaiponya.

2. Vua bodi ya zamani. Skrubu ziweke kwenye kifuniko cha chupa.

3. Chora kwenye karatasi ngumu kwanza. Kipimo halisi kwa milimita, gawanya kwa 64. Upana wa mita 2.7 unakuwa milimita 42.

4. Kupunguza chesisi ili iingie kwenye bodi mpya. Hapa soma taratibu. Chesisi ziko za aina mbili. Kuna yenye fremu moja, ambayo umeme unaingia kwa vijiti vya shaba vinavyogusa magurudumu. Kuna nyingine imepasuliwa katikati kwa urefu: chuma cha kulia kinabeba umeme wa reli ya kulia, cha kushoto wa kushoto, na katikati kuna vipande vya plastiki tu. Kwenye hii ya pili, skrubu moja ya chuma inayopita pande zote mbili ni shoti. Kipande cha risasi cha kuongeza uzito kilicholala juu ya pande zote ni shoti. Hata unga wa tupa uliobaki kwenye ufa ni shoti. Vile vishikio vya plastiki vinavyounganisha ekseli katikati vikipata joto vinalegea, magurudumu yanapishana, na hapo umepoteza chesisi. Kwa hiyo toa mota na gia ZOTE kabla ya kugusa msumeno, kwa sababu unga wa kukata ukiingia kwenye mota na gia hauutoi tena. Mota yenyewe usiifungue. Zile za zamani ukichomoa rota sumaku inapungua nguvu. Kata kila upande peke yake kwa msumeno wa chuma wa meno madogo. Ukibana kwenye jiriwa weka vibao, maana aloi ile ya zinki haipindi, inavunjika. Osha kwa sabuni na mswaki, kausha, unganisha bila mota, kisha pima kwa multimita kati ya kulia na kushoto. Ikilia, usiendelee. Usipime mota ikiwa ndani, itakudanganya, kwa sababu umeme unapita kwenye koili zake.

5. Bodi. Kadi ya benki iliyokwisha muda ni PVC ya unene wa milimita 0.76, ukubwa 85.6 kwa 54. Ubavu mmoja wa kichwa kidogo unatoka humo. Kwaruza kwa kisu mara tatu nne kwa rula ya chuma, kisha vunja. Kona ya mviringo ya boneti: maji ya moto kutoka chupa ya chai, zamisha kadi, ikilainika izungushie kalamu na uishikilie ndani ya maji baridi. Acha nafasi ya milimita 1 kuzunguka kila kinachozunguka.

6. Gundisha kwa gundi ya mabomba ya PVC, kidogo kwa ncha ya pini. Supaglu inakubali pia, ila vioo uweke mwisho kabisa. Mvuke wake unavifanya vyeupe.

7. Uzito. Vile vipande vya kubalansi tairi vinafaa sana. Bandika kwa araldaiti, SI gundi nyeupe ya mbao. Risasi ndani ya gundi ile inaota unga mweupe, inavimba, na baada ya miaka inapasua bodi.

8. Osha, praima, rangi ya kupuliza. Mikono mingi myembamba.

MASWALI

Mdau wa Mwanga: Mkuu naweza kuacha bodi yake ya HO nikapaka tu rangi za TRC?

Jibu: Aya ya pili.

Mdau wa Mwanga: Nimeuliza kistaarabu tu mkuu.

Jibu: Nami nimekuelekeza. Hiyo itakuwa SGR iliyopakwa rangi.

Mdau wa Kaliua: Nina chesisi ya N (reli ya milimita 9), nayo haina kazi?

Jibu: Ina kazi. 9 mara 110 ni 990, karibu mita kamili. Jenga kwa 1:110, ila vigari vya dukani sahau.

Mdau wa Ujiji: Umeme huku unakatika. Betri ya sola 12V naweza kuunga moja kwa moja?

Jibu: Weka fyuzi ya ampea 1 karibu na betri, halafu kidhibiti mwendo. Betri ya sola ikipata shoti haina huruma, waya unawaka. Chaja ya laptop achana nayo, 19V inachoma mota.

Mdau wa Kaliua: Kama huna mchoro, kimo na upana wa kichwa halisi unavipataje?

Jibu: Swali zuri. Tafuta picha iliyopigwa kwa mbele kabisa. Pima upana wa reli, ndani kwa ndani, pale magurudumu ya mbele yanapokanyaga, si karibu zaidi na kamera. Hiyo ni milimita 1,000. Kila kitu kilicho usawa huo linganisha nayo. Ukitaka kupiga mwenyewe stesheni, omba ruhusa kwanza.

Mdau wa Ujiji: Na Garratt ya 60 Class je, kile kichwa cha mvuke chenye seti mbili za magurudumu? Chesisi mbili zinageukiana, nigeuze waya za mota moja?

Jibu: Usigeuze. Hiyo magurudumu yake yamepangwa 4-8-2+2-8-4, na kwenye DC mwelekeo unafuata reli, si uso wa kichwa. Chesisi ukiigeuza nyuma mbele bado inaenda upande ule ule. Mtego uko kwenye kuunganisha umeme wa chesisi zote mbili: unga reli kwa reli, yaani kulia kwa ya kwanza ni kushoto kwa ya pili. Mota na gia ziwe za aina moja, la sivyo moja itaikokota nyingine.

Mdau wa Kaliua: Vumbi la kuchafulia kichwa kifanane na cha kazi, nachukua la barabarani?

Jibu: Ndiyo, chekecha kwa soksi ya nailoni. Kisha pitisha sumaku iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki mara kadhaa hadi isishike kitu. Mchanga una chembe za chuma, na zikidondoka kwenye mota unarudi hatua ya 4.