Unataka kukusanya sarafu za fedha za Kirumi? Anza na Severus

Anayeniuliza aanzie wapi, mimi humwambia atafute dinari, sarafu ndogo ya fedha ya Kirumi, ya Septimius Severus. Huyu alitawala kuanzia mwaka 193 hadi 211, na kwao ni Leptis Magna, Libya ya leo: kaisari mzaliwa wa Afrika. Sarafu zake ziligongwa kwa wingi mno kulipa majeshi, ndiyo maana hata leo si adimu.

Kabla ya kutoa pesa, jifunze kuisoma. Ishike kwenye kingo, uielekeze kwenye mwanga wa dirisha. Mbele kuna kichwa cha mzee mwenye ndevu, amevikwa taji la majani, na pembeni maandishi SEVERVS PIVS AVG. Hiyo V isome U. AVG ni Augustus, cheo cha kaisari. Igeuze. Nyingine zina FVNDATOR PACIS, mwasisi wa amani: kaisari mwenyewe amesimama, amejifunika kichwa, mkononi tawi. Naipenda sana hii.

Kisha mzani. Mimi ni sonara hapa Lindi mjini, kwa hiyo ninao. Wewe mwombe sonara wa jirani akupimie. Tarajia kama gramu 3, ipungue au izidi kidogo. Kagua na ukingo. Hizi ziligongwa kwa nyundo, hivyo si duara kamili, na ukingo wake mara nyingi una nyufa. Ukiona mstari umezunguka ukingo mzima, au vitundu vya povu usoni, hiyo imemiminwa kwenye kalibu. Iache. Rangi isikusumbue: Severus alipunguza madini ya fedha kwenye sarafu yakabaki kama nusu, iliyobaki karibu yote ni shaba.

Kutwa nzima nang'arisha pete na vikuku vya watu, lakini dinari siisugui. Ndimu, majivu, dawa ya meno, vyote marufuku! Ule weusi ukiutoa, herufi zinalika na thamani inashuka. Kama ina udongo, iloweke kwenye maji safi, halafu ikaushe kwa kuibonyeza na kitambaa laini.

Pwani yetu ina unyevu na chumvi. Mifuko ya plastiki laini huacha ute wa kijani kwenye sarafu, kwa hiyo tumia bahasha ndogo ya karatasi ndani ya kopo linalofunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vya kwenye boksi za viatu. Andika uzito na aliyekuuzia, risiti uitunze.

Na ukivuka kwenda Kilwa Kisiwani au Songo Mnara, ukakuta sarafu ya masultani mchangani, usiiokote. Mwite mhusika wa mambo ya kale aione palepale. Zinalindwa na sheria ya mwaka 1964.