Kuendesha boti kwenye maji usiyoyajua: miamba ya kusini mwa Ziwa Victoria

Somo hili ni la mtu anayeshika boti ndogo ya mita 5 hadi 8, yenye mashine ya kupachika nyuma, na anataka kuingia sehemu ya ziwa ambayo hajawahi kupita. Nimelielekeza upande wa kusini wa Ziwa Victoria: Ghuba ya Mwanza, Ghuba ya Speke, na maji ya kuzunguka visiwa vya Ukerewe, Kome na Maisome. Mengi yatakufaa popote penye mawe, lakini mifano yote ni ya huku.

Kwanza elewa unapambana na nini. Ziwa hili lina kina cha wastani wa mita 40 hivi, na pale pa kina zaidi hufika kama mita 80. Takwimu hizo zinawapumbaza wageni. Mawe makubwa unayoyaona yamepandana kwenye vilima vya Mwanza, na Jiwe la Bismarck lililosimama majini pale mjini, ni ya jamii moja na yale yaliyozama. Kilima hakikomi ufukweni, kinaendelea chini ya maji. Fungu la mchanga hukupa taarifa mapema: mita 5, 4, 3, 2, nawe una muda wa kupunguza mwendo. Jiwe la matale, yaani mwamba mgumu kama huo wa Mwanza, halina taarifa. Unapita juu ya mita 12, na urefu wa boti moja mbele yako kuna nusu mita.

Hatua ya 1: Jua boti yako inazama kiasi gani

Pakia watu, mafuta na mizigo kama siku ya safari, kisha pima kutoka usawa wa maji hadi ncha ya chini kabisa ya mashine, ile iliyo chini ya propela. Boti nyingi za aina hii hupata sentimita 60 hadi 80. Pima tena mashine ikiwa imeinuliwa nusu. Andika namba zote mbili mahali unapoziona ukiwa umekaa kwenye usukani.

Hatua ya 2: Uliza mwaloni, na uulize vizuri

Hapa ndipo ninapotaka ukae muda mrefu kuliko kwingine kote. Ukifika mwaloni, yaani ufukweni wavuvi wanapoegesha mitumbwi, ukauliza "njia hii ni salama?", utajibiwa "salama tu, twende", kwa sababu kwa anayekujibu kweli ni salama. Uliza maswali yenye meno: mashine za watu zinagonga wapi? Nyavu zinachanika wapi? Mawe gani yalikuwa yanaonekana miaka ya nyuma na sasa yamefunikwa?

Swali hilo la mwisho lina uzito. Ziwa hupanda na kushuka. Lilipanda sana kati ya 1961 na 1964, likashuka vibaya kufikia 2006, na Mei 2020 likavuka kiwango cha 1964. Jiwe ambalo mzee wa mwaloni alikuwa akianikia nyavu mwaka 2006 leo linaweza kuwa chini ya maji, mahali ambapo macho yako hayafiki na propela yako inafika. Hata ndani ya mwaka mmoja, maji kwa kawaida huwa juu Mei na Juni baada ya masika, kisha hushuka. Maelezo ya Juni si ya Oktoba.

Muulize pia anayekuelekeza anatumia chombo gani. Mtumbwi wa mbao unazama kidogo, na mwenyewe huinua mashine kwa mkono mmoja bila hata kukatiza mazungumzo. Njia yake haiwi yako mpaka ulinganishe namba zako za hatua ya 1. Ukiweza, mlipe mvuvi mmoja aende nawe safari ya kwanza, akae omo, mbele kabisa, na mkubaliane ishara za mikono kabla ya kuondoka: kushoto, kulia, simama. Sauti humezwa na mashine.

Hatua ya 3: Tayarisha ramani kwenye simu

Pakua picha za setilaiti za njia nzima kabla ya kuondoka, maana mtandao hupotea ukivuka visiwa. Weka alama kila jiwe unaloliona na kila rasi. Kumbuka tu kwamba picha ilipigwa siku moja, ziwa likiwa kwenye kiwango kimoja. Picha inakuambia mahali pa kuogopa. Haiwezi kukuhakikishia kwamba palipobaki ni salama.

Hatua ya 4: Chagua saa

Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa wa siku hiyo. Mvua za radi za ziwa hili hujikusanya zaidi usiku hadi alfajiri, na upepo wa kutoka ziwani hukua kadiri mchana unavyosogea. Dirisha zuri ni kuanzia saa 2 asubuhi, anga likiwa limekwishajionyesha, hadi kama saa 8 mchana. Na jua liwe mgongoni. Ukitoka Mwanza kwenda upande wa Kome, asubuhi jua liko nyuma yako na maji yanasomeka. Ukienda njia hiyo hiyo alasiri, linakupiga usoni na huoni kitu zaidi ya mng'ao.

Hatua ya 5: Kabla ya kusukuma boti

Kila mtu avae jaketi la kuokolea, na alivae tangu mwanzo. Kamba ya kuzimia mashine ifungwe mkononi au mguuni mwa anayeendesha. Kifungio cha kuzuia mashine isiinuke kiachwe wazi, ili ikigonga iruke juu badala ya kung'oa ubao wa nyuma. Beba pondo (mti mrefu wa kusukumia boti), makasia, nanga yenye kamba ndefu, ndoo, pini za akiba za propela na koleo. Beba bildi ya kupimia kina pia: kamba yenye fundo kila mita na risasi au chuma cha nusu kilo mwishoni. Hiyo haihitaji betri kabisa.

Mwambie mtu wa nchi kavu unakwenda wapi na utarudi saa ngapi.

Hatua ya 6: Soma maji

Tazama mbali, mita 50 hadi 100 mbele, kisha karibu, kisha mbali tena. Wimbi linalovunjika mahali pale pale kila mara lina kitu chini yake. Doa tulivu katikati ya maji yenye viwimbi vya upepo nalo lina kitu. Siku ya maji kutulia kabisa, ambayo wageni huipenda, ishara hizi zote hupotea. Siku hiyo punguza mwendo zaidi.

Tazama ndege. Mnandi aliyesimama katikati ya maji amekanyaga kitu. Akiwa juu ya gugumaji au boya la wavu, atayumba na kusogea nalo. Akiwa juu ya jiwe, wimbi litampita chini ya miguu naye ametulia. Mara nyingi huonekana ndege tu na ukanda mweupe wa kinyesi wenye upana wa kiganja, na jiwe lote lililobaki liko chini, pana kuliko unavyodhani.

Ukiona jiwe moja, hesabu kwamba yako mengi. Rasi yoyote yenye mawe ipitie kwa mbali, usikate kona. Na visiwa viwili vinavyotazamana kwa mawe, usidhani katikati ndipo penye kina, kwani huenda ni mgongo mmoja wa mwamba uliotoa vichwa viwili. Hapo pita baada ya kuuliza, au zunguka.

Hatua ya 7: Mwendo

Kwenye eneo la mashaka, nenda mwendo wa mtu anayetembea, mashine ikiwa imeinuliwa kiasi, alimradi bado inatoa maji ya kupoozea. Mwendo wa kati ndio mbaya kuliko yote: boti inanyanyua pua, huoni mbele, na nyuma inazama zaidi hivyo propela inashuka. Kwa kilomita 20 kwa saa unakula zaidi ya mita 5 kila sekunde. Hakuna mtu wa omo anayeweza kuona, kupiga ishara, nawe ukageuza ndani ya sekunde hiyo.

Njia nzuri ukishaipata, ipange kwa alama mbili za nchi kavu, moja ya karibu na moja ya mbali nyuma yake, kwa mfano jiwe la ufukweni na mti wa kilimani. Zikiwa zimepangana, uko kwenye mstari. Ile ya mbali ikitokeza kushoto, umehamia kushoto, rudi kulia. Washa pia simu irekodi njia uliyopita, na wakati wa kutoka fuata mstari huo huo. Watu wengi hugonga wakirudi, kwa sababu wamepata ujasiri na wanakata njia ya mkato.

Hatua ya 8: Ukigonga

Zima mashine. Hesabu watu. Tazama ndani ya boti kama maji yanaingia kabla hujajaribu kujinasua. Kama ni pakavu, hamishia watu upande wenye kina, taratibu, mmoja mmoja, inua mashine, sukuma kwa pondo kurudi ulikotoka. Usipige rivasi kwa nguvu, utaimalizia propela kwenye jiwe lile lile.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Unguja:* Mkuu, sisi huku tunasoma rangi. Buluu nzito kina, kahawia mwamba, nyeupe mchanga. Kwa nini hukuitaja?

Kwa sababu, kaka yangu, huku rangi itakuangusha. Maji ya ziwa, hasa ghubani, yana ukijani wa mwani na udongo wa mito. Jiwe likiwa mita moja na nusu chini, mara nyingi rangi ya juu haibadiliki. Na la pili kwenu: ukikwama kwenye fungu unangoja maji yajae. Ziwani hakuna kujaa na kupwa kwa kukuokoa. Ulipokwama saa 4 asubuhi ndipo utakapokuwa saa 10 jioni, tena upepo umekwishaongezeka. Kwa hiyo nanga yako ipelekwe mapema upande wenye kina, kwa mtumbwi ukipata, kisha mvute kamba mkiwa ndani ya boti.

*Mwanachama, Musoma:* Nimenunua kipima kina cha kisasa. Bado nahitaji mtu wa omo?

Bado. Kipimo cha kawaida kinakuonyesha kina cha pale ulipo, na jiwe liko mbele. Kitumie kwa kitu kimoja muhimu: chini ikianza kupanda na kushuka kwa ghafla, mita 10, 6, 11, 5, umeingia kwenye mawe hata kama hakuna linaloonekana. Simama, rudi kwa njia uliyojia. Weka kengele yake ilie kwenye mita 4.

*Mwanachama, Kisumu:* Shikamoo nahodha. Huku Ghuba ya Winam shida yetu ni magugumaji. Yakiwa membamba naweza kupita katikati?

Marahaba. Usipite. Mizizi inajisokota kwenye propela na kuziba tundu la maji ya kupoozea, mashine inachemka. Zaidi ya hayo, zulia lile linatembea na upepo, linaweza kujifunga nyuma yako. Zunguka upande upepo unakotoka. Ukinaswa, zima, inua mashine, safisha kwa mkono na kisu ukiwa ndani ya boti. Usiruke majini karibu na magugu na mafunjo, maana viboko na mamba hukaa huko.

*Mwanachama, Sengerema:* Giza likinikuta njiani je?

Kwenye maji usiyoyajua, tia nanga pahali ulipokwisha kupima kwa bildi, washa taa nyeupe inayoonekana pande zote, kaeni mpaka kuche. Usifuate taa za wavuvi wa dagaa ukidhani zinaonyesha njia. Wao wako kazini, wamezungukwa na nyavu.

*Mwanachama, Ukerewe:* Abiria wangu huvua majaketi tukikaribia mwalo, wanasema tumefika.

Wakatalie. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 kikiwa karibu kabisa na gati la Ukara, na zaidi ya watu 200 walikufa. Kwenye boti ndogo, dakika za kukaribia ufuko ndizo watu husimama, hubeba mizigo na kuegemea upande mmoja, na ndizo pia mawe huwa karibu zaidi. Tangaza kabla hujaondoka: jaketi linavuliwa mguu ukiwa nchi kavu, na anasimama yule tu uliyemwita.

*Mwanachama, Bukoba:* Tukigonga na maji yanaingia, nijinasue haraka au nibaki juu ya jiwe?

Baki kwanza. Jiwe lililotoboa boti mara nyingi ndilo linaloziba tundu na kuishikilia isizame. Ukijivuta kwenda kwenye kina bila kujua ukubwa wa tundu, unaweza kuzama mbali na kitu cha kushika. Ziba kwa ndani kwa nguo, godoro la boti au mfuko uliojazwa matambara, ukandamize kwa ubao na mguu wa mtu, mwingine achote maji. Piga simu mwaloni, punga kitambaa cha rangi kali. Jinasue pale tu ndoo inapoyashinda maji yanayoingia, na uelekee ufuko wa mchanga ulio karibu zaidi, hata kama si huko ulikokuwa unakwenda. Ila kama wimbi linaiinua boti na kuibamiza juu ya jiwe, usingoje ivunjike: majaketi yakiwa yamefungwa vizuri, toka hapo mara wimbi linapoinyanyua, na wanaochota wasiache kuchota.