Jinsi ya kupata bastola nzuri kwa bei nafuu, hatua kwa hatua

Wengi wanaoniomba ushauri hunitajia kiasi cha fedha walichonacho, kisha wanataka niwape jina moja la bastola. Kazi yangu ni kufundisha watu kulenga shabaha na kuwakagulia silaha kabla hawajalipa, na jina ndilo jambo la mwisho ninalolifikia. Bastola ya bei ndogo inaweza kukugharimu sana baada ya mwaka mmoja, na iliyochubuka rangi inaweza kukutumikia maisha yako yote. Fuata mpangilio huu kama ulivyo, kwa sababu kila hatua inapunguza machaguo ya hatua inayofuata.

Hatua ya kwanza: kibali na mahali pa kuiweka

Usianze kupatana bei kabla hujajua sheria ya mahali ulipo inasemaje kuhusu kumiliki, kubeba, kuhifadhi na kuhamisha umiliki. Uliza pia ni kaliba zipi, yaani ukubwa gani wa risasi, zinaruhusiwa kwa raia, maana zipo nchi zinazozuia risasi zilezile zinazotumiwa na jeshi. Nunua kwa muuzaji mwenye leseni, au kwa mtu binafsi pale tu ambapo sheria inaruhusu na uhamisho unaandikishwa. Namba ya usajili kwenye fremu, yaani mwili wa bastola, ikiwa imekwanguliwa au imechezewa, irudishe mezani na uondoke.

Sanduku la chuma lenye kufuli liwe kwenye hesabu yako tangu mwanzo. Kama kuna watoto nyumbani na huna mahali pa kuifungia, bado hujafika wakati wa kununua.

Hatua ya pili: gawa fedha kabla ya kuingia dukani

Mimi huwaambia wanafunzi wangu watenge karibu nusu ya fedha yote kwa ajili ya bastola yenyewe. Nusu inayobaki ni ya risasi za mazoezi, magazini (vibebeo vya risasi vinavyoingia kwenye mpini) za ziada, sanduku, ala imara inayofunika trigga, miwani na vizuia sauti vya masikio, na ada ya mwalimu. Aliyemaliza fedha yote kwenye silaha huishia kuifungia kabatini bila kuijua, na siku akiihitaji mkono wake haujui pa kuanzia. Bastola ya daraja la kati mikononi mwa mtu anayefanya mazoezi ina thamani kuliko ya kifahari ambayo mwenyewe anaona uchungu kuilisha risasi.

Hatua ya tatu: chagua risasi kwanza

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea kimyakimya. Kwa mtu anayetaka bastola moja ya kujifunzia na ya kujilinda, jibu langu ni 9×19 mm, ile iitwayo Parabellum. Ipo tangu mwanzoni mwa karne ya 20, viwanda vya dunia nzima vinaitengeneza, na kati ya risasi za bastola zenye nguvu ya kutosha kwa ulinzi ndiyo kwa kawaida yenye bei ya chini. Msukumo wake wa kurudi nyuma unavumilika hata kwa anayeanza.

Angalia tarakimu zote, usiishie kwenye hiyo 9: ya kwanza ni kipenyo cha risasi, ya pili ni urefu wa ganda. Bastola ya Makarov hutumia 9×18 mm, na zile ndogo za .380 hutumia 9×17 mm. Hizi si risasi moja na haziingiliani. Mtu hununua Makarov kwa bei nzuri, halafu anagundua kwamba risasi zake ni adimu mahali alipo.

Mtego mwingine ni kaliba ya .40. Ilitoka mwaka 1990, polisi wengi wa Marekani wakaichukua, kisha katika miaka ya 2010 idara nyingi zikarudi kwenye 9 mm. Matokeo yake bastola nzuri za .40 zilizotumika huuzwa kwa bei ya kuvutia sana. Piga hesabu ya risasi elfu moja za mazoezi kabla hujafurahi, kwa sababu tofauti ya bei ya risasi inaweza kuila punguzo lote, na msukumo wake ni mkali zaidi mkononi.

Na .22? Ni nafuu kuliko zote, na kwa kujifunza kulenga hakuna iliyo bora zaidi. Ila fataki yake, ile inayowasha baruti, imetandazwa kwenye ukingo wa ganda badala ya kuwa katikati, na risasi za aina hii hugoma kuwaka mara nyingi zaidi. Inunue kwa mazoezi, usiitegemee kwa ulinzi kama una uwezo wa kupata nyingine.

Hatua ya nne: ipime na mkono wako

Muuzaji atakuonyesha bastola ndogo kwa sababu zinapendeza na zinafichika. Kama hulazimiki kuificha mwilini kila siku, achana nazo. Bastola ndogo hupiga teke kwa nguvu, umbali kati ya alama za kulengea ni mfupi, na makosa ya mkono yanaonekana zaidi kwenye shabaha. Ukubwa wa kati, mtutu wa sentimita 10 hivi, ndio unaofaa watu wengi.

Baada ya kuhakikisha kuwa ni tupu, ishike juu kabisa ya mpini, mtutu ukiwa kwenye mstari mmoja na mfupa wa mkono wako. Sasa peleka kidole cha shahada kwenye trigga. Ncha ya kidole, ile sehemu yenye alama za vidole, ifike bila wewe kuzungusha mpini kiganjani. Ukilazimika kuuzungusha, risasi zako zitakwenda pembeni kila mara na hutajua sababu. Bastola nyingi za kisasa huja na vipande vya kubadilisha nyuma ya mpini, kwa hiyo uliza kama vipo kwenye boksi.

Kisha vuta slaidi, kile kipande cha juu kinachoteleza, nyuma mara kadhaa. Mwenye mikono isiyo na nguvu asikate tamaa: kwenye bastola zenye nyundo ya nje, ukiikoki nyundo kwanza (ukiivuta nyuma mpaka ijifunge), slaidi huwa nyepesi zaidi kuvuta. Nimewaona wazee wakipita hapo vizuri baada ya kushindwa na nyingine zote.

Hatua ya tano: mpya ya bei ya chini, au nzuri iliyotumika?

Ninapendelea iliyotumika, hasa iliyotoka polisi. Bastola za kazini hubebwa sana na hupigwa kidogo. Nje utaona zimechubuka kwenye mdomo na kwenye kingo kwa kuingia na kutoka kwenye ala, ndani mara nyingi ziko karibu na upya. Glock 17, iliyochukuliwa na jeshi la Austria mwaka 1982, na mdogo wake Glock 19 ndizo zinazopatikana zaidi kwa njia hii, na vipuri vyake viko kila mahali. Beretta 92, ambayo jeshi la Marekani liliichagua mwaka 1985 kwa jina la M9, ni nzito na mpini wake ni mnene, lakini uzito huohuo unaifanya itulie ikipiga.

CZ 75 iliyobuniwa Chekoslovakia mwaka 1975 imenakiliwa sana, na nakala zake za Italia na Uturuki huuzwa kwa bei ya chini huku nyingi zikiwa za kuaminika. Ukitaka mpya kabisa, Canik za Uturuki zina trigga laini kuliko bei yake inavyoashiria. Rivolva (bastola yenye silinda inayozunguka) ya Smith & Wesson Model 10, ambayo muundo wake ulianza mwaka 1899, bado ni ununuzi wa busara kwa mtu anayetaka urahisi: huchukua risasi sita za .38 Special, haina magazini wala slaidi.

Ninazowakataza watu ni bastola ndogo za bei ya kutupa zilizotengenezwa kwa aloi ya zinki, na zile za zamani zisizo na kizuizi cha pini ya kugongea fataki. Kizuizi hicho huishikilia pini isisogee mpaka trigga ibonyezwe. Bila hicho, bastola yenye risasi kwenye chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu risasi inapokaa, inaweza kufyatuka ikidondoka sakafuni. Tokarev TT-33 ya asili haina hata sefti ya kidole, ile swichi ya kuzuia isifyatuke. Ni kipande cha historia, nami ninaziheshimu, ila si bastola ya kwanza ya mtu.

Hatua ya sita: ikague kwa macho na vidole

Omba ruhusa ya kuifungua. Muuzaji akikataa hata yeye mwenyewe kukufungulia mbele yako, tafuta mwingine. Chukua tochi ndogo na penseli yenye kifutio.

Kwanza toa magazini, vuta slaidi nyuma uifunge hapo, tazama chemba, kisha ingiza kidole kidogo uiguse. Macho hudanganywa na mwanga hafifu, kidole hakidanganywi. Risasi zote ziwe mbali na meza hiyo, na mdomo wa mtutu uelekee mahali salama muda wote.

Ukishaifungua, mulika ndani ya mtutu kutokea nyuma. Mifereji inayozunguka iwe na kingo zinazoonekana wazi. Uchafu wa baruti ni jambo dogo, husafishika. Unachotafuta ni vishimo vya kutu na, muhimu zaidi, pete nyeusi inayouzunguka mtutu sehemu moja. Pete hiyo maana yake kuna siku risasi ilikwama ndani, na mtu akapiga nyingine nyuma yake. Pitisha kidole juu ya mtutu kwa nje, mahali palepale: ukihisi uvimbe, hata mdogo, mtutu huo umekufa.

Geuza slaidi. Kagua ukingo wa dirisha linalotolea maganda, kwa sababu nyufa hupenda kuanzia kwenye kona zake. Tazama ndoano inayolishika ganda. Ncha yake iwe kali na nzima, isiwe imemeguka. Tazama tundu la pini ya kugongea, chuma kinacholizunguka kisiwe kimeliwa. Kwenye fremu, angalia reli ambazo slaidi huteleza juu yake. Vichwa vya skrubu vilivyoharibika vinakuambia kuna asiye fundi aliyeingia humo na bisibisi, na hapo huwa ninaongeza umakini.

Irudishie, hakikisha tena ni tupu, kisha jaribu kazi zake. Bonyeza trigga uishikilie hivyohivyo, vuta slaidi na uiachie, halafu legeza trigga polepole: unatakiwa kuhisi mlio mdogo wa kujifunga upya. Kama ina nyundo, ikoki na uisukume mbele kwa dole gumba bila kugusa trigga. Ikianguka, usinunue. Kama ina sefti, iweke, bonyeza trigga, iachie, kisha toa sefti. Nyundo isisogee hata kidogo.

Kwenye Glock kuna jaribio la springi linalochukua muda mfupi. Elekeza mdomo juu kwa nyuzi 45 hivi, bonyeza trigga na uishikilie, vuta slaidi nyuma, kisha iachie taratibu kwa mkono. Ikisimama kabla ya kujifunga yote, springi imechoka. Springi ni bei ndogo, kwa hiyo hilo halikufukuzi, linakupa sababu ya kuomba punguzo.

Sasa ile penseli. Ukiwa na uhakika mara tatu kwamba chemba ni tupu, elekeza mdomo juu na udondoshe penseli ndani ya mtutu, kifutio kikitangulia. Bonyeza trigga. Pini yenye nguvu huirusha penseli juu. Penseli ikitikisika tu, ama springi ya pini imechoka ama kuna uchafu umejaa njiani. Usifanye hivi kwenye bastola ya .22, maana pini yake inaweza kugonga ukingo wa chemba na kuuharibu.

Kwa rivolva, ikoki polepole huku ukiigusa silinda kwa kidole kuipunguzia mwendo kidogo. Silinda ifike mahali pake na kujifunga kabla au pamoja na nyundo. Rudia kwa kila tundu, yote sita. Kisha ukishikilia trigga, itikise silinda mbele na nyuma. Mtikisiko mkubwa ni dalili ya uchakavu ambao ukarabati wake utamaliza ile nafuu uliyoipata.

Hatua ya saba: magazini

Bastola inayokwama mara nyingi haina kosa, kosa ni la magazini. Tazama midomo yake ya juu, isiwe imepinda wala kupasuka. Kabla ya kulipa, ulizia bei ya magazini halisi na kama zinapatikana kwa urahisi. Zipo bastola nafuu ambazo magazini yake moja ni bei ya kushangaza, na nyingine hazitengenezwi tena. Uwe na tatu angalau, na uzipe namba kwa rangi ili ile yenye matatizo ijulikane.

Hatua ya nane: risasi za kwanza

Isafishe, itie mafuta kidogo, uipeleke kwenye uwanja wa shabaha ukiwa na mwalimu. Piga risasi zisizopungua 200 za mazoezi, ukitumia magazini zote, kisha angalau boksi moja la risasi utakazotumia kwa ulinzi. Andika kila mkwamo: magazini namba ngapi, ganda halikutoka au risasi haikuingia, au fataki iligongwa ikagoma. Mikwamo ikifuata magazini ileile moja, itupe hiyo. Ikitokea kwa magazini zote, mpelekee fundi wa silaha kabla ya kuiamini.

Kwa umbali wa mita 7, ukipiga taratibu, matundu yako yakae ndani ya upana wa ngumi. Yakitawanyika, mpe mwalimu apige na bastola ileile kabla hujailaumu. Endelea kuandika idadi ya risasi kwenye daftari hilohilo, kwa sababu springi ya kurudisha slaidi hubadilishwa kila baada ya maelfu kadhaa ya risasi, kwa kiwango alichoandika mtengenezaji kwenye kitabu chake.