Wakisema "Alikubali Mwenyewe": Namna ya Kutambua Usafirishaji Haramu wa Binadamu

Binti wa miaka 15 anashuka basi kituo cha Mbezi Luis, Dar es Salaam, alfajiri, begi lake limeharibika zipu, mkononi ana karatasi yenye namba ya simu ya mama mmoja aliyemlipia nauli aje kumfanyia kazi za ndani. Miezi minne baadaye hajalipwa hata shilingi, kwa kuwa nauli imegeuzwa deni, simu yake imefungiwa kabatini na haruhusiwi kuvuka geti. Jirani akiuliza, mama huyo humwambia kwamba binti alikubali mwenyewe na wazazi wake wanajua.

Ukikutana na jambo kama hilo, lipime kwa itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000, inayojulikana kama Itifaki ya Palermo, ambayo Tanzania iliiridhia, kisha mwaka 2008 ikaitungia sheria yake. Jiulize kwanza kuhusu kitendo: je, kuna aliyemtafuta mtu huyu, kumsafirisha, kumpokea au kumhifadhi? Kisha uliza njia iliyotumika, iwe vitisho, nguvu, ulaghai, au kutumia vibaya unyonge wake. Mwisho uliza lengo, yaani unyonyaji, kama vile kazi ya kulazimishwa, utumwa, ukahaba wa kutumikishwa au kuondolewa viungo vya mwili.

Hapa ndipo wengi hukwama, nami naomba usikwame. Njia mojawapo kati ya hizo ikithibitika, ridhaa ya mtu mzima haina uzito wowote kisheria. Na kwa aliye chini ya miaka 18, njia haihitaji hata kuthibitishwa, kitendo na lengo vinatosha. Kwa hiyo "alikubali mwenyewe" si utetezi katika habari ya binti yule. Hata hivyo, kumleta tu ndugu mjini kufanya kazi za ndani si kosa hili. Kinachotazamwa ni kama analetwa ili anyonywe. Wala mpaka wa nchi si lazima uvukwe, kwa maana sheria yetu inagusa pia safari ya kutoka kijijini hadi Dar es Salaam.

Usichanganye kosa hili na magendo ya wahamiaji, ambayo yana itifaki yake. Humo mtu hulipa ili avushwe mpaka kinyume cha sheria, na mkosaji ni anayefaidika kwa kumvusha. Chini ya itifaki hiyo, mhamiaji hashtakiwi kwa sababu tu ya kuvushwa hivyo. Lakini magendo huweza kugeuka: aliyelipa kwa hiari akifungiwa ndani ya nyumba njiani na kufanyishwa kazi mpaka deni liishe, ni mhanga wa usafirishaji haramu.

Ukishuku, usimkabili mtuhumiwa, kwani anaweza kumhamisha mhanga usiku huohuo. Andika tarehe, ulichokiona kwa macho na ulichoambiwa, kila kimoja mahali pake, kisha upeleke taarifa kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au upige 116 ikiwa anayehusika ni mtoto. Picha yake usiitume kwenye makundi ya WhatsApp hata kwa nia njema, kwa sababu Itifaki ya Palermo inazitaka nchi zilinde faragha na utambulisho wa mhanga, na sura ikishasambaa mtaani hairudishwi.